Kutoka Manaus Hadi Sao Paulo, Masaa Matatu na Dakika Hamsini

Siku nilipofika Doha mara ya kwanza, kitu kilichonifurahisha zaidi ilikuwa saa. Majengo nilikuwa nimeshayaona kwa simu. Nilikuwa nimevaa saa ya mkono niliyonunua soko la Gikomba siku mbili kabla ya safari, ile ya kamba ya plastiki, na jamaa niliyekaa naye kwenye ndege alikuwa amenitisha kwamba ng'ambo lazima uzungushe mishale. Nikashuka, nikaangalia saa ya ukutani, nikaangalia mkono wangu. Zote zilisema kitu kimoja. Nikamcheka yule jamaa hadi akahama foleni. Nikasema hawa Waarabu ni watu wa heshima, wameamua kutumia saa ya Kenya.

Miaka saba imepita na sijawahi kuizungusha. Nikipiga simu nyumbani saa moja jioni, kwao ni saa moja jioni. Mganda tunayeishi naye karibu, saa ni hiyo hiyo. Watanzania, saa ni hiyo hiyo. Kwangu mimi saa ilikuwa kama chumvi, kila mahali ni ile ile.

Shule niliachia form two, muhula wa pili, kwa sababu ambazo mwalimu mkuu alizieleza vizuri kuliko mimi. Nasikia ni baada ya mimi kuondoka ndipo walifundishwa ile mistari inayozunguka dunia, na vile saa hubadilika ukielekea upande huu au ule. Wakati huo mimi nilikuwa Webuye napakia mahindi kwa lori. Lakini kujumlisha najua, na hiyo kidogo ninayojua ndiyo iliyonimaliza.

Mimi ni dereva wa nyumba. Bosi wangu ni mzungu wa mambo ya gesi. Nusu ya mwezi yuko baharini kwenye mtambo, nusu ingine yuko kwenye fleti yake mtaa wa Bin Mahmoud analala. Mke wake, ambaye sisi tunamwita madam, ni Mbrazili wa mji unaoitwa Manaus. Mji wenyewe nilikuja kujua uko katikati ya msitu, na ukitaka kutoka huko haraka ni ndege tu. Wana watoto wawili, na aliyekuwa anawalea ni shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu. Mimi ndiye nilimtafutia hiyo kazi. Nilivyomsifu, bosi aliniuliza kama huyo ni mtu au ni gari nauza.

Kila shule zikifungwa madam huenda kwao na watoto. Mwaka huo alimchukua na shemeji. Shemeji alinitumia picha amesimama kando ya mto mkubwa kama ziwa, amevaa kofia ya nyasi, anacheka. Wiki ya tatu wakiwa huko, mama mkwe akafa.

Kwetu Bungoma, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai meza moja, hamshikani mikono, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwa shamba la watu kama ameona nyoka. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, uso wa mama mkwe nimeuona vizuri labda mara nne, na moja kati ya hizo ilikuwa picha. Lakini nilipokuja Doha aliomba namba yangu. Alisema kwa simu hatuonani, kwa hivyo heshima haijavunjika. Akawa ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani, na siku nilipojaribu kuweka video alikata kama amechomwa.

"Baba, huko kumenyesha?"

"Hapana mama, huku hakunyeshi."

"Tangu wiki jana?"

"Tangu mwaka jana."

"Sasa mnakula nini?"

Nikamwambia tunakula mchanga, na huwa tunauchagua ule laini. Alicheka hadi simu ikaanguka. Huyo ndiye mtu alikufa. Alianguka Jumatano akitoka kukamua, na kufika Alhamisi alikuwa ameenda.

Mke wangu, ambaye yuko nyumbani na watoto wetu, alinipigia akaniambia kamati imekaa na mazishi ni Jumamosi ya wiki inayofuata, saa saba mchana. Mchungaji amekubali, hema zimeitishwa, chifu amejulishwa. Tarehe ya mazishi kwetu ikishatangazwa kanisani huwezi kuigusa tena. Mimi ruhusa sikupata, kwa sababu bosi alikuwa baharini na gari lilibaki kwangu. Lakini shemeji ilikuwa lazima afike. Mama mwenyewe alikuwa amesema akiwa mzima, tena zaidi ya mara moja, kwamba siku yake ikifika, kitambaa chake cha kichwa afungwe na kitinda mimba. Hao wengine, alisema, wanafunga kama mtu anafunga gunia la viazi.

Bosi aliniandikia kutoka kwa mtambo. Madam ameenda juu ya mto kwa baba yake mgonjwa, huko simu haishiki, na watoto wamebaki na nyanya yao mjini. Tiketi ya shemeji ya kurudi Doha ameshaibadilisha, ni Alhamisi kutoka Sao Paulo saa mbili unusu usiku. Imebaki ile ndege ndogo ya kumtoa Manaus kumfikisha Sao Paulo. "Chagueni nyinyi wawili, nitumie namba ya ndege, mimi nitalipa." Nikamjibu hakuna shida bosi, na nikajiona mkubwa. Mtu wa form two anachagua ndege Amerika ya Kusini.

Mpango wenyewe ulikuwa umebana kama ile suruali yangu ya shule. Shemeji atoke Sao Paulo Alhamisi usiku, afike Doha Ijumaa saa kumi na nusu jioni, apande ya Nairobi jioni hiyo hiyo, kaka yake amngoje na gari, wasafiri usiku kucha, na Jumamosi asubuhi awe nyumbani. Akikosa kitu kimoja hapo katikati, mama anazikwa bila yeye.

Shemeji alinipigia nikiwa kwenye chumba chetu mtaa wa Al Mansoura. Tunaishi wawili, mimi na Mtanzania mmoja wa Tanga anayebeba mizigo ya wageni hotelini. Alikuwa anapiga pasi sare yake, masikio yote kwangu.

"Shem," shemeji akasema, "kuna ya saa mbili asubuhi na kuna ya saa nane mchana. Hiyo ya asubuhi nitoke hapa saa kumi na giza, na teksi ya mtu simjui. Huyu nyanya haongei Kiingereza, na mimi Kireno najua 'maziwa' na 'acha'. Ya mchana, dereva wao yuko, atanipeleka mpaka mlangoni. Lakini nitawahi?"

"Ngoja nikupigie hesabu."

Nikaingia kwa mtandao. Kuna kurasa za watu wavivu kama mimi, unaandika kiwanja hiki na kiwanja kile, inakuambia umbali na muda wa kuruka. Nikaandika. Ikaniambia kilomita elfu mbili mia sita na kitu. Nikamsomea mwenzangu kwa sauti. Hiyo ni karibu Nairobi mpaka Johannesburg, na bado uko nchi moja! Muda wa kuruka, masaa matatu na dakika hamsini.

"Saa nane," nikasema, "ongeza masaa matatu na dakika hamsini. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi yuko chini. Ndege ya Doha ni saa mbili unusu. Ana masaa mawili na dakika arobaini. Hapo hata akitembea kama bibi harusi atawahi."

Halafu nikafungua orodha ya ndege zenyewe ili nipate namba ya kumtumia bosi. Mwenzangu akaja na pasi mkononi akachungulia.

"Kaka, mbona hapa wameandika inafika saa moja kasoro dakika kumi? Wewe umesema saa kumi na mbili kasoro."

Nikaangalia. Ni kweli. Saa nzima ilikuwa imezidi.

Nataka mjue kwamba niliiona. Kama singeiona ningekuwa mjinga tu, na ujinga nimeuzoea. Niliiona, nikaifikiria kama dakika moja hivi, halafu nikaicheka.

Nilicheka kwa sababu saa ya aina hiyo nilikuwa naijua. Nilipofika Doha nilianza na kampuni ya ujenzi, nikilala kambini Industrial Area. Foreman akisema basi linaondoka saa kumi alfajiri, ujue ni saa kumi na moja. Anajua tunachelewa, kwa hivyo anatudanganya na saa moja. Na sisi tunajua anatudanganya, kwa hivyo tunachelewa. Nikaja kuwa dereva, nikakuta ni vile vile. Madam akiwa na miadi ya daktari saa nne, bosi ananiambia mimi ni saa tatu unusu, na mimi namwambia madam ni saa tatu. Watu wote ninaowajua huku, kuanzia mlinzi hadi mpishi, wanaishi na saa ya uongo iliyopandishwa juu ya saa ya kweli. Ndiyo inatufikisha kazini.

"Hiyo ni saa ya foreman," nikamwambia mwenzangu. "Hawa watu wa ndege wanaandika saa moja ya ziada, wakifika mapema wapigiwe makofi."

"Una hakika?"

"Sasa mimi na wewe nani dereva?"

Akarudi kwa pasi yake. Mimi nikamrudia shemeji. "Shem, chukua ya mchana. Muda unabaki mpaka wa kuninunulia kofia kama yako."

"Kweli shem? Sitaki mchezo kwa hii."

"Umbali ndiyo kazi yangu, shem. Tulia."

Nikatuma namba, bosi akalipa, khalas, imeisha.

Alhamisi usiku akaniandikia, "Nimepanda." Nikajibu na picha ya mtu anacheza ngoma. Halafu nikalala, tena nililala kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Simu nilikuwa nimeizima sauti, maana kesho yake ni Ijumaa na Ijumaa silipwi kuamka.

Niliamka jua likiwa limeshaingia chumbani. Simu kumi na moja sikuzishika. Na sauti nne alizorekodi.

Ya kwanza alikuwa ametulia bado. "Shem, tumefika. Lakini simu imejibadilisha yenyewe, inasema saa moja kasoro. Labda imeharibika. Nangoja begi."

Ya pili alikuwa anapumua kwa nguvu. "Shem, nimeuliza mtu, hata yake inasema hivyo. Begi haijatoka. Ulisema saa kumi na mbili. Shem, shika simu."

Ya tatu kulikuwa na kelele za watu, na sauti ya mwanamke ikisema kitu kwa upole, ule upole wa mtu ambaye hatakusaidia. Kaunta ilikuwa imefungwa. Kila nikikumbuka ya nne natamani ningeifuta kabla ya kuisikia. Alikuwa amesimama kwa dirisha. "Ndege bado iko hapo, shem. Naiona. Naiona na macho."

Mwenzangu alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu. Nikamchezea zote nne. 

"Kaka," akasema, "pale hotelini, nyuma ya mapokezi, kuna saa sita ukutani. Moja imeandikwa Doha, nyingine miji ya watu. Kila moja na wakati wake. Ulishaziona siku ulipokuja kunichukua?"

"Nilizionaga."

"Ulidhani ni za nini?"

"Nilidhani ni urembo."

Alikaza kamba ya kiatu. "Hiyo nchi ni kubwa. Nadhani Manaus ina saa yake na Sao Paulo ina yake."

"Nchi moja?"

"Nchi moja, kaka."

Tukaangalia kwa simu. Ilikuwa hivyo. Ukitoka Manaus ukafika Sao Paulo, umepoteza saa moja hewani bila mtu kukuibia. Wale watu wa ndege hawakuwa wanadanganya. Ndege ilifika dakika ile ile waliyoandika. Ni mimi nilikata saa ya kweli nikaitupa nikidhani ni ya foreman.

Nikampigia. Huko kwao ilikuwa bado usiku, lakini alishika kabla haijalia mara mbili. Alikuwa amelala kwa viti. Walikuwa wamemhamishia ndege ya Ijumaa, saa ile ile. Maana yake angefika Doha Jumamosi saa kumi na nusu jioni, na mazishi ni saa saba mchana.

"Ni makosa yangu, shem," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niliposhuka nilipitia choo kwanza. Kuna foleni. Kama dakika tano, sita. Halafu nikaenda begi. Kama singeenda choo ningewahi."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Alikuwa ameniacha mlango wazi kabisa. Mimi nikasema, "Pole shem. Hizo ndege za huko zina mambo."

Hata sijui hayo maneno yalitoka wapi. Ni maneno ya mtu anayeongea juu ya mvua.

Mke wangu naye nilimwambia hivyo hivyo, ndege za huko zina mambo. Alilia, akauliza kama kamati inaweza kusogeza hata kwa siku moja, akajijibu mwenyewe kwamba haiwezi. Jioni akanipigia tena, sauti imekauka. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba yao, ndiye msemaji wa boma siku hizi, na alikuwa ameanza kusema.

"Anasema aje huyo?"

"Anasema mtoto akitaka kumzika mama yake hakosi ndege. Anasema yule amezoea kubeba watoto wa wazungu mgongoni, amesahau aliyembeba yeye."

"Amesema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, baba watoto. Na mimi sina la kumjibu, kwa sababu hata mimi sijui alikosa aje."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, shangazi mdomo wake huchoka kabla ya jioni. Akacheka kidogo, vile hucheka nikisema upuuzi, na simu ikaisha. Nilikaa na hiyo simu mkononi. Maisha yangu yote nimepita kwa njia hiyo. Nikikosa kazi, mzaha. Nikikosa mahari ya kutosha, mzaha, na wakanipa binti yao wakicheka. Siku hiyo niliona kwamba kuna mtu mwingine ndiye aliyekuwa analipia.

Jumamosi saa saba nilikuwa ndani ya gari la bosi, nimeegesha chini ya fleti Bin Mahmoud, kiyoyozi kimewashwa, simu imeegemea usukani. Mtoto wa jirani yetu nyumbani alikuwa anarusha mazishi kwa mtandao. Picha ilikuwa inakatika katika. Nikaona hema, nikaona kwaya, nikaona ng'ombe wa mama mkwe amefungwa kando anaangalia watu. Nikamwona mke wangu anainama juu ya jeneza na kile kitambaa cha maua.  Alikifunga, kikalegea, akakifunga tena. Kilibaki kimekaa upande.

Halafu shangazi akapewa maikrofoni. Alisema mambo mengi mazuri. Mwishoni akasema kuna mtoto mmoja hayuko hapa, na mama yake alimwita kwa jina, na yeye aliona safari ni mbali. Watu wakaguna. Nilizima simu. Nje kulikuwa na mtu wa kuleta chakula anatafuta namba ya jengo, akanigongea kioo, nikamwelekeza vibaya. Hata hilo sikuweza.

Uwanjani nilifika mapema. Shemeji alitoka kwenye saa kumi na moja unusu, anavuta begi lile lile lililomchelewesha. Alikuwa amevaa sweta, midomo imepasuka. Hatukusalimiana. Nilimchukulia begi tukaenda hadi kwenye gari, na alipokaa akasema, "Wameshamaliza?"

"Wamemaliza."

"Kwa ndege kuna ramani mbele ya kiti. Saa saba nilikuwa juu ya Sudan. Nairobi ilikuwa imeandikwa kabisa, chini kidogo, mkono wa kulia. Nilikuwa naiangalia tu." Akajipangusa na mkono wa sweta. "Nani alimfunga kitambaa?"

"Dada yako."

"Kilikaa vizuri?"

"Kilikaa."

Ndege yake ya Nairobi ilikuwa bado masaa kadhaa. Alitaka kwenda hivyo hivyo, akaone kaburi. Nilikuwa nimemletea chapati na chai kwa chupa, hakugusa. Alianza tena ile hadithi ya choo. Kwamba foleni ilikuwa na watu wanne. Kwamba alikuwa anaweza kuvumilia, ila alijua ana muda, ndiyo akaingia. Kwamba akifika nyumbani atamwambia shangazi ukweli, ni yeye alizubaa.

"Shem, nyamaza kidogo," nikasema.

Akanyamaza.

"Hukuzubaa. Sao Paulo iko mbele ya Manaus na saa moja. Ile ndege ilikuwa imeandikwa inafika saa moja kasoro dakika kumi. Iliandikwa wazi. Mwenzangu aliiona akaniuliza. Mimi nikasema wanaongeza saa ya uongo. Nikakwambia saa kumi na mbili. Ungeenda choo, usingeenda, hayo masaa mawili na dakika arobaini hayakuwako. Niliyatunga mimi."

Alikuwa anaangalia mbele, kwenye kioo cha gari.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Na nilikuuliza kama ni kweli."

"Uliniuliza."

"Ukasema nikununulie kofia."

 Alifungua mlango akatoka. Nikafikiri ameenda, lakini alizunguka gari mara moja, mara mbili, kwenye joto lile, na sweta lake. Halafu akarudi, akafunga mlango taratibu, na hiyo taratibu ilinitisha kuliko angeubamiza.

"Jana ulinipigia, ukasema ndege zina mambo."

"Ndiyo."

"Siku nzima, shem. Siku nzima nimekaa kwa hivyo viti najua nilimuuza mama yangu kwa choo."

Kwa mara ya kwanza sikutafuta mzaha.

"Mpigie shangazi," akasema. "Sasa hivi. Weka sauti nje."

Shangazi alishika. Nyuma yake kulikuwa na sahani zinagongana na watu wanaongea, wale wa kubaki boma baada ya mazishi. Nikamwambia nina jambo, na nikamweleza. Niliongea vibaya, nikaruka huku na huku, saa hii, saa ile, Manaus, Sao Paulo. Nikasema kosa ni langu, binti hana hatia yoyote.

 Halafu shangazi akacheka.

"Mkwe, wewe! Hata leo?" Nikamsikia anawaambia watu kando, "Ni huyu wa Doha, anasema ati ni yeye alipoteza saa moja huko Brazil." Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama nimeiangalia mfukoni.

"Shangazi, sichezi."

"Najua unamwonea huruma. Umefanya vizuri, wewe ni mtu wa roho. Lakini usimtetee hivyo."

"Shangazi."

"Wewe ulichekesha watu hata siku ya mahari, nani atakuamini?"

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa amefumba macho. Nikasogeza simu karibu na mdomo, nikaanza upya, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Shangazi, tafadhali uwanyamazishe hao. Nisikilize. Ndege ilitoka saa nane mchana. Iliruka masaa matatu na dakika hamsini. Mimi nikahesabu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Lakini mji iliofikia, saa yao iko mbele na saa moja. Kwa hivyo ilifika saa moja kasoro dakika kumi. Walikuwa wameiandika. Niliisoma kwa macho yangu, nikasema ni uongo, nikamwambia mtoto achukue hiyo. Alitaka ya asubuhi. Angechukua ya asubuhi leo angekuwa hapo. Jana nilijua haya yote, na niliwaficha nyinyi wote, hata yeye."

Alikuwa hajataka ya asubuhi. Alikuwa anaiogopa. Hilo niliongeza mimi, na shemeji alifungua macho akaniangalia, lakini hakunisahihisha.

Sahani ziliacha kugongana, au shangazi alikuwa ametoka nje nazo zikabaki. Nilisikia kuku.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na mimi nimemsema mtoto kwa maikrofoni."

"Nilikusikia, shangazi. Ulikuwa unasema kitu nilichokuachia useme."

Alipumua. 

"Weka sauti ndani," akasema. "Mpe simu mtoto."

Nikampa. Alipoisikia sauti ya shangazi aliinama mpaka paji la uso likagusa dashibodi, na akaanza kumjibu kwa Kibukusu, neno moja moja. Mimi nilitoka. Nilisimama kando ya gari, mgongo kwa mlango, shati likanishika mwilini, nikawaacha waongee.